Ukuta wa Rangi ya Hewa

Tuseme tu kwamba ipo nchi, na kwamba jina lake nimelisahau kwa makusudi, maana ni nchi yenye hasira za karibu na masikio mengi. Nchi hiyo ilikuwa ndani ya Kapu la Pamoja, yaani umoja wa biashara wa majirani, ambamo mahindi, mbuzi, misumari na wachumba walivuka kutoka nchi moja kwenda nyingine bila kuulizwa walikotoka. Watu walikuwa wamelizoea Kapu mpaka wakalisahau. Ndipo wakubwa wakapanda majukwaani wakasema Kapu linakula mayai yetu. Wananchi, ambao kweli siku hizo walikuwa wamepungukiwa na mayai, wakapiga kura ya kutoka, na redio ya taifa ikapiga tarumbeta mpaka betri za watu zikaisha.

Kesho yake mtu mmoja akauliza mpaka uko wapi.

Swali hilo halikuwa limeulizwa wakati wote wa kampeni, na huyo aliyeliuliza alihamishiwa kituo kisicho na barabara. Lakini neno likitoka halirudi. Wizara ikapekua ramani za wakoloni, ikapuliza vumbi, ikagundua kwamba mpaka ulipita katikati ya mji mdogo uitwao Mtaroni, na kwamba huo mpaka wenyewe ulikuwa mtaro. Tena mtaro wa maji machafu. Bata wa pande zote mbili walioga humo, na hakuna bata aliyewahi kuonyesha pasi.

Hapo ukingoni alikaa Sikudhani binti Mbaruku, msusi wa nywele, na kigoda chake cha miguu mitatu. Wateja wa upande wa Huku walimjia kwa miguu, na wateja wa upande wa Kule walivuka kwa ubao uliotupwa juu ya maji. Habari za Kapu alizisikia akiwa na kichwa cha mtu magotini na chanuo mdomoni, wala hazikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa ndani, kitandani. Mama yake, Bi Mwatano, alikuwa hainuki tangu masika, na kila wiki alikuwa mwepesi zaidi kumgeuza. Hakuwa bibi wa madai mengi. Alitaka kitu kimoja, na kila alipogeuzwa ubavu alikikumbusha.

"Siku yangu ikifika, mnilaze kwa baba yenu. Msinitupe peke yangu."

"Tutakulaza, mama. Wewe kunywa uji."

"Na Pazi awepo. Pasipo Pazi mimi siendi popote."

Mzee Mbaruku alikuwa makaburini, na makaburi ya Mtaroni yako Kule, ng'ambo ya mtaro. Huku ardhi ni jiwe tupu, Kule ni mchanga laini, na mababu walipochagua pa kulala hawakuuliza serikali. Huyo Pazi naye alikuwa mtu wa Kule, mchimba visima na makaburi, na zaidi ya yote alikuwa mtani wao.

Watu wa Huku na watu wa Kule walipigana zamani hizo, wakauana mpaka mikono ikachoka. Kisha wakakaa chini wakakubaliana kwamba vita viendelee, ila kwa mdomo tu. Tangu hapo mtu wa Kule akikutana na mtu wa Huku humtukana kwanza, ndipo amjulie hali. Kwenye misiba ndiko utani unakokolea. Mtani hulizuia jeneza njiani, huingia kaburini akalala chali, akaapa kwamba hatoki mpaka apewe jogoo wake, na wafiwa hujikuta wanacheka huku machozi yanawatiririka. Siku ya Mzee Mbaruku, Pazi alilala mle shimoni akalalamika kwamba ni fupi, kwamba marehemu alikuwa na miguu ya korongo kwa sababu ya kukimbia kazi maisha yake yote. Sikudhani alimchukia siku ile, akacheka, akamshukuru, vyote kwa pamoja. Jambo moja tu mtani hana ruhusa ya kulifanya, nalo ni kusema pole. Pole ni ya wageni. Mtani akikupa pole, ujue amekukana.

*

Katika jambo moja nchi hizi mbili zilikuwa zimeshapatana kabisa: mpaka mgumu hautakiwi. Kila zilipokutana zililitamka hilo kwa zamu, zikapigiana makofi, zikaenda kula. Upande wa Huku uliongozwa na Waziri wa Kutoka, Mheshimiwa Daktari Kibwana Ndaro, ambaye udaktari wake ulikuwa wa mambo yasiyotajwa. Upande wa Kule uliongozwa na Waziri wa Kubaki, Mheshimiwa Tausi Mgaza, mama mrefu aliyesikiliza kila hotuba akiwa amefumba macho, na hakuna aliyethubutu kuhakikisha kama yuko macho.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa Ndaro alitangaza redioni, "mpaka wetu hautakuwa mgumu, wala hautakuwa laini, kwa sababu taifa hili si ugali. Utakuwa mpaka wenye msimamo!"

Kamati ikaundwa. Ikapendekeza mpaka uhamishiwe ziwani, kwani samaki hawana siasa. Ikavunjwa, ikaundwa nyingine, na hii ikaleta mashine ya kunusa mahindi ya kigeni, ambayo ilikuwa bado haijavumbuliwa lakini ilikuwa imeshanunuliwa. Mashine iliposhindwa kufika, kwa sababu hiyo niliyoitaja, mtaalamu mmoja mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, akatoa wazo kwamba mpaka uwe wazi kabisa kwa kila mtu asiye na nia ya kuvuka. Wazo hilo lilishangiliwa, na lingepita kama si saa ya chakula kufika.

Mtaroni walicheka haya yote mpaka walipokuja wapimaji na ndoo ya chokaa. Walichora mstari mweupe kandokando ya mtaro, na mstari ukapita chini ya kigoda cha Sikudhani. Miguu miwili ilibaki Huku, wa tatu ukawa Kule.

"Mama, huu mguu utauombea kibali," mpimaji akasema.

"Kibali cha nini, baba? Mguu wenyewe hauendi mahali."

"Ndiyo maana ni rahisi kukipata."

Wateja walicheka, na Sikudhani akacheka nao. Lakini mstari ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ule ubao, ukapita juu yake, na ubao ndiyo njia ya makaburini. Alipoingia ndani kumnywesha mama yake uji, aliumwaga shukani. Aliogopa.

*

Ikatangazwa kwamba kikao cha mwisho kitafanyika Mtaroni kwenyewe, katika ukumbi wa shule ya msingi, na kwamba kila upande utaleta raia mmoja, ambaye ataitwa Sauti ya Mwananchi. Huku wakamchagua Sikudhani. Sababu haikutolewa, ila mke wa Mkuu wa Wilaya alikuwa akisukwa kwake, na mke huyo alisema kwamba msusi wake ana adabu na hatoi harufu.

Bi Mwatano aliposikia, alitaka kukaa. Wakamwekea mito.

"Utasemaje huko?"

"Nitasema, waheshimiwa, tunaomba njia ya makaburini isifungwe."

"Rudia."

Akarudia.

"Hilo linatosha," mama akasema. "Wakubwa ukiwapa maneno mengi wanachagua wanayoyataka. Sema hilo tu, mwanangu, usiongeze neno."

Sikudhani alilisema bombani, akalisema jikoni, akalisema njiani kwenda shuleni mpaka likawa jepesi mdomoni. Akaketi kwenye kiti alichoonyeshwa, mikono juu ya mapaja. Mheshimiwa Ndaro alikuwa anazungumzia upepo wa mabadiliko, na Mheshimiwa Mgaza alikuwa amefumba macho. Makarani wa pande mbili walikuwa wanaandika kila kinachotamkwa, hata kikohozi. Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Sauti ya Mwananchi wa Kule, amevaa koti la kuazima lililomfika magotini. Alikuwa Pazi.

Pazi alimwona. Uso wake wote ukachanua.

"Loo!" akanguruma, kwa ile sauti yake ya kuitana kutoka chini ya kisima. "Kumbe walaji wa konokono nao siku hizi wana wajumbe?"

Sikudhani alijitahidi. Mungu ni shahidi, alibana midomo, akaikumbuka sentensi yake, akamkumbuka mama yake na mito yake. Lakini mtani akikutukana ukanyamaza, umemwaibisha yeye, babu yake na babu yako. Watu wa Mtaroni hawajui namna ya kunyamazia utani, hawakufundishwa.

"Kaa chini, mwizi wa sanda," akasema. "Hilo koti umemvua maiti gani?"

"Baba yako! Mwenyewe kaniambia halimtoshi, mabega yamelegea kwa uvivu." Pazi akaketi, akaegemea meza. "Na bibi yangu Mwatano bado anapumua? Mwambie afanye haraka, shimo nimeshalipima. Na safari hii hampiti bure! Jeneza nalilaza chini njia panda, nataka jogoo, na msiponipa jogoo nakuzika wewe badala yake."

"Thubutu! Tutakuja mji mzima na marungu, tukuchape mbele ya wajukuu zako. Mama tutamzika tunapotaka, na baba tutamchukua na kaburi lake, na huo mchanga wenu tutauhamisha wote tuwaachie shimo mkanywee maji humo kama vyura!"

Wakaangua kicheko, wote wawili, mpaka Pazi akafuta macho kwa mkono wa lile koti. Kisha akainama, akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini hajambo?"

"Yupo yupo tu, Pazi. Anakutaja kila siku."

Maneno haya ya mwisho makarani hawakuyaandika, kwa sababu kalamu zilikuwa zimeanguka. Mheshimiwa Mgaza alikuwa amefumbua macho yote mawili.

Mshauri mmoja wa usalama alisimama, jasho likimtoka. "Waheshimiwa, yaliyosemwa hapa ni mazito. Upo mpango wa uvamizi wa kutumia marungu. Upo utekaji wa maiti. Upo wizi wa mchanga, ambao ni maliasili. Na upo ushuru wa jogoo, ambao haumo katika jedwali lolote."

"Ni utani, mheshimiwa," Sikudhani akasema. "Huyu ni mtani wangu."

Mheshimiwa Ndaro alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyemeza kishikizo. "Mama, katika mazungumzo ya kimataifa hakuna mtani. Kuna upande wa pili."

Akakumbuka sentensi yake. Akasimama, akaisema vizuri, kama alivyofundishwa. "Waheshimiwa, tunaomba njia ya makaburini isifungwe."

"Njia hiyo," akauliza Mheshimiwa Ndaro, "ndiyo ile mtakayopita na marungu?"

Mawaziri wawili wakatoka nje, wakasimama kwenye kivuli cha choo cha walimu wakanong'ona. Waliporudi walikuwa wamepatana. Ilikuwa mara ya kwanza wapatane juu ya jambo la kutendwa tangu Huku watoke kwenye Kapu, na picha ya kushikana mikono kwao ilitundikwa katika kila ofisi.

Sikudhani aliingia nyumbani akavua viatu taratibu, lakini mama yake hakuwa amelala.

"Umesema?"

"Nimesema, mama."

"Hukuongeza neno?"

"Sikuongeza."

Bi Mwatano alikunywa uji wote siku hiyo. Sikudhani alishika bakuli tupu, akatoka nje, akalia nyuma ya jiko hadi mbavu zikamuuma.

*

Ukuta ulijengwa. Ulikuwa mrefu kuliko ulivyohitajika, kwa kuwa kila nchi ilijenga nusu yake juu ya nusu ya mwenzake ili kuonyesha nani mkubwa. Lakini serikali, kama mnavyojua, ni mtu wa ahadi, na ilikuwa imeahidi kwamba hakutaonekana mpaka mgumu. Kwa hiyo ikatungwa Sheria ya Kutouona. Ukuta upo kwa ajili ya usalama, haupo kwa ajili ya mazungumzo. Raia atakayeuona, atakayeuonyesha kwa kidole, au atakayeuzunguka kwa namna inayoashiria kwamba ameuona, atashtakiwa.

Ili kuwasaidia wananchi kutii, zabuni ilitolewa ya kuupaka ukuta rangi ya hewa. Aliipata shemeji yake Mheshimiwa Ndaro. Mkono wa kwanza wa rangi ulitoka kijivu, wa pili ukatoka kijivu cha matope, na baada ya wa tatu shemeji alisema kwamba hewa ya Mtaroni ndivyo ilivyo. Mbuzi mmoja aliugonga, akakamatwa kwa uchochezi. Watoto walifundishwa kuacha mpira unapokwenda, na wazee wakajizoeza kutembea wakitazama chini. Kila jioni redio ilitangaza kwamba hakuna mpaka, na tangazo hilo lilisikika vizuri pande zote mbili, maana ukuta uliirudisha sauti.

Kilikuwapo pia Kifungu cha Adabu, ambacho ndicho kilichowauma zaidi watu wa Mtaroni. Kuanzia sasa, raia wa nchi hizi mbili wataongea kwa heshima ya kidiplomasia. Utani ulitangazwa kuwa tusi la kimataifa. Walipita maafisa na vipaza sauti wakifundisha maneno ya kutumia: tafadhali, samahani, bibi, bwana, pole.

Sikudhani alikihamisha kigoda, miguu yote mitatu Huku. Ukuta hakuuona. Ukimuuliza angekwambia hivyo na asingekuwa anadanganya, kwani alikuwa amejikatalia. Alijiambia kwamba Kule kuko palepale, Pazi yuko palepale, na siku ikifika kitu hiki kisichokuwepo kitapisha.

*

Bi Mwatano alifariki asubuhi, akiwa ameshika kidole cha binti yake. Maneno yake ya mwisho yalikuwa ni kuuliza kama Pazi ameambiwa.

Kilio cha Huku kilivuka, maana vilio havijatungiwa kifungu. Kabla jua halijapanda, Sikudhani alisikia kutoka ng'ambo mlio anaoujua: jembe la Pazi likiingia kwenye mchanga, pale pale karibu na baba. Akapata nguvu. Akamwogesha mama yake, akamsuka nywele zake chache nyeupe, na kabla ya kutoka akamfunga miguu jogoo mkubwa mwekundu, akamwingiza kwapani.

Mji mzima ulitoka na jeneza. Walilibeba kwa zamu, wakiimba, kuelekea mahali palipokuwa na ubao. Hapo palisimama Afisa wa Kutouona, kijana nadhifu aliyepigwa pasi mpaka soksi.

"Karibuni, raia," akasema. "Njia ni yenu. Piteni."

Wakapita. Jeneza lilitoa kishindo, likasimama. Waliokuwa nyuma wakawasukuma wa mbele, nalo likagonga mara ya pili.

"Mbona mnasimama?" afisa akauliza.

Mjomba Ngwali, kaka yake marehemu, ndiye aliyekuwa mbele, na bega lake lilikuwa limechubuka. Akalipangusa. "Tumechoka kidogo, mwanangu."

"Basi pumzikeni, tafadhali. Mkishapumzika, piteni. Hakuna anayewazuia."

Wakapumzika. Wakapita tena. Kishindo. Wakapumzika. Jua likapanda juu ya vichwa vyao, na nyimbo zikaisha moja baada ya nyingine, na afisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, akawaletea maji ya kunywa na kuwasihi kwa unyenyekevu wafanye kama walivyopanga. Jua lilipoanza kuinama, Mjomba Ngwali akalitua jeneza chini bila kuuliza mtu. Vijana wakaleta sululu. Wakavunja jiwe pale pale, chini ya kile kisichokuwepo, na shimo lililopatikana halikuwa na kina cha kujivunia. Bi Mwatano akawekwa humo. Kati yake na mume wake palikuwa na hatua chache za mtoto.

"Mbona mmezika hapa?" afisa akauliza kwa mshangao wa kweli, naye baadaye aliripoti kwamba wananchi walichagua wenyewe.

Sikudhani hakumsikia. Alikuwa ameweka sikio kwenye rangi ya hewa. Ng'ambo, chini kabisa, mtu alikuwa anakohoa. Sauti ilitoka shimoni. Pazi alikuwa amelala kaburini, kama desturi inavyotaka, katika kaburi alilolichimba alfajiri, akisubiri maiti imtoe.

"Pazi!" akaita.

Kikohozi kikakoma.

"Pazi, mwizi wa sanda! Toka kwenye kitanda cha mama yangu, toka, unakitia uvundo!"

Afisa akashtuka. "Bibi, kifungu—"

"Ukitaka jogoo, huyu hapa! Mle na manyoya, mla mizoga wewe!" Akazikata kamba kwa meno, akamrusha jogoo kwa nguvu zake zote. Jogoo akapiga mabawa, akagusa juu kwa kucha, akawika kwa hasira, akaangukia Kule.

Watu wote wa Mtaroni waliokuwa pale walitega masikio. Walijua kinachofuata. Sasa Pazi atasema jogoo gani huyu, mwembamba kama mwenye kumleta. Atasema Bi Mwatano alikuwa mchoyo hata wa kufa. Watacheka, na msiba utakuwa msiba wa watu. Sikudhani alisubiri tusi lake kama mwenye kiu anavyosubiri maji. Akaisikia minong'ono Kule, sauti ya mtu mwingine, sauti ya kiofisi. Akamsikia Pazi anajiinua polepole, mchanga ukimdondoka.

"Pole sana, bibi Sikudhani," ikaja sauti, safi, taratibu, kila neno mahali pake. "Poleni kwa msiba. Na asante kwa jogoo."

Sikudhani akarudi nyuma, na kwa mara ya kwanza akauona ukuta.